Mkamwana wa Pindo Lililolowa

Mwenye kicheko chake na akicheke sasa akimalize, maana mbele huko hakuna pa kuchekea. Mambo yenyewe yalianzia kwenye pindo la gauni.

Ilikuwa hospitali ya wilaya, huko Naryn, mji wa milimani, wodi ya mapafu ya wanawake, katika ile miezi ambayo theluji haiyeyuki hata ikipigwa na jua. Nesi Anarkul alipiga goti kando ya kitanda cha Bibi Uulkan kuokota kifuniko cha dawa kilichomponyoka, akaona pindo la gauni la mwanamke aliyesimama upande wa pili wa kitanda. Lilikuwa linachuruzika maji. Tone, tone, sakafuni. Na mji mzima siku hiyo haukuwa na maji ya wazi popote, ila yale yaendayo chini ya barafu ya mto. Anarkul akajisemea, labda huyu katoka kufua. Akainuka, akasahau.

"Huyo ndiye mkamwana wangu," Bibi Uulkan akasema, akivuta pumzi kila baada ya neno. "Sina shida mimi. Ninaye."

Mwanamke akainama mara tatu, kama mkamwana aliyelelewa anavyowainamia wakubwa. Mtandio ameuvuta mpaka kwenye nyusi, macho chini, mdomo kimya. Akamimina chai nusu kikombe, kwa heshima, kwa mikono miwili. Wagonjwa wa vitanda vya jirani wakaguna kwa wivu.

"Lo! Wengine wamepewa wakamwana, wengine tumepewa simba wa kike," akasema mmoja. "Wangu mimi akinipa chai utadhani ananirushia mbwa mfupa."

Wodi nzima ikacheka na kukohoa. Na hakuna aliyemwangalia yule mwanamke usoni. Kumkodolea macho mkamwana wa watu ni utovu wa adabu, na yeye mwenyewe kuinua uso mbele ya wazee ni utovu zaidi. Mkamwana mwema kule hujulikana kwa mikono yake, kwa chai yake na kwa ukimya wake.

Anarkul alikuwa na kazi yake maalumu pale. Kila mgonjwa wa kifua akilazwa, kabla hajalala usiku wake wa pili, Anarkul alikaa naye akamuuliza maswali ambayo hayakuhusu mapafu. Unawasha nini nyumbani, makaa ya mawe au samadi? Nani atakufungulia dirisha? Nani atakukumbusha dawa? Unalala? Unaogopa nini? Umelazwa mara ngapi mwaka huu? Maana madaktari walikwishaona kwamba watu wawili wenye kifua kilekile, mmoja hupona na mwingine hurudi akiwa amebebwa, na kinachowatofautisha kiko nyumbani. Basi mwisho wa maswali Anarkul aliamua: huyu mzito, au huyu mwepesi. Mzito alikalishiwa kikao, akatembelewa kwake, na ikiwezekana akaazimwa mashine ya hewa, na mashine zenyewe zilikuwa chache mno. Mwepesi alipewa dawa zake na kuombewa safari njema.

Bibi Uulkan alikuwa na mkamwana. Mwepesi.

Theluji nyingine haijaanguka tangu Bibi Uulkan arudi kijijini kwake, nesi mwenzake Roza akaja asubuhi na uso mwekundu kwa baridi, akamvuta Anarkul kwenye pembe ya kabati la shuka.

"Yule Bibi Uulkan wako amekutwa amekufa. Jiko limepoa, mlango umeganda. Majirani wamevunja."

"Maskini! Na mkamwana alikuwa wapi?"

"Mkamwana gani? Kaka yangu anaishi kijiji hichohicho. Mtoto wa yule bibi yuko Urusi anabeba matofali, hajaoa hata siku moja."

"Roza, mimi nilimwona. Wewe ulimwona. Alimimina chai."

Roza alikuwa anaangalia juu ya bega la Anarkul, kule dirishani, kwenye kitanda cha bibi mwingine aliyeingia jana kutoka bonde la mbali kabisa. Mwanamke mwenye mtandio mpaka nyusi alikuwa amesimama pale anamimina chai nusu kikombe, kwa mikono miwili. Harufu ikawafikia mpaka kabatini, harufu ya sufi iliyolowa na tope la mtoni. Chini ya gauni lake sakafu iling'aa.

"Usimwangalie," Roza akanong'ona. "Jamani, Anarkul, usimwangalie."

Aliyewaambia jina la yule mwanamke alikuwa Mzee Omurzak, wa wodi ya wanaume. Maisha yake yote alikuwa mfukuza majini, mtu wa kuitwa nyumba kwa nyumba na mjeledi wake na kifurushi cha majani ya archa, mti ule wa mlimani wenye moshi mkali. Sasa alikuwa amelala na mpira wa hewa puani.

"Nimefukuza majini miaka hamsini kwa moshi na makelele," alizoea kuwatania manesi. "Majini yameondoka na mapafu yangu. Tumetoka sare."

Anarkul alipomsimulia, mzee hakutania.

"Huyo ni albarsti," akasema kwa sauti ya chini. "Zamani alikuwa akiwavizia wanawake wanaozaa, akaiba pafu la mama aliyejifungua, akakimbilia nalo mtoni. Likigusa maji, mama kwisha. Siku hizi wanaozaa wana watu wengi wa kuwazunguka. Wasio na watu ni wazee. Watoto wako Moscow, nyumba ziko wazi. Na huyu haingii kwa nguvu, mwanangu. Anaingia palipoachwa nafasi."

"Lakini anawahudumia. Anawapikia, anawafulia."

"Anawahudumia kweli, na ubaya wake ndio huo. Kila siku anachota pumzi kidogo, kama mtu anayeonja mchuzi. Siku akishiba anabeba pafu lenyewe." Akavuta hewa. "Na nyinyi mmemrahisishia. Mnamuuliza mzee mbele za watu, nani anakutunza? Mzee gani atasema mwanangu amenitupa? Anaona haya. Anasema, nina mkamwana. Akishasema hivyo, ameshamfungulia mlango."

Anarkul akakumbuka wangapi aliowauliza, na wangapi waliomjibu hivyo wakiangalia ukutani.

"Hafukuziki?"

"Anafukuzika, kabla pafu halijagusa maji. Moshi wa archa umtoe, na sauti imwamuru arudishe. Sauti kubwa, ya mtu mwenye kifua." Mzee akajaribu kucheka, kikohozi kikamkatiza. "Unaniona nilivyo na kifua."

Sasa tuje kwenye kilichomuuma Anarkul. Alikuwa na mama yake, Bi Kalipa, akiishi peke yake kijijini kando ya mto. Mume alikwishafariki. Mtoto wa kiume, Nurdin, alikuwa Moscow na mkewe, Meerim, wakifagia maduka ya watu. Anarkul mwenyewe alipanga chumba mjini, karibu na kazi. Kijiji hakikuwa mbali. Kila wiki alisema wiki ijayo nitakwenda, na kila wiki kulikuwa na zamu.

Alirudi kazini siku moja mchana baada ya mapumziko, akamkuta mama yake kitandani wodini, midomo ya bluu. Jirani alikuwa amemleta alfajiri kwa gari la kubebea kondoo. Na kwa kuwa nesi hawezi kumuuliza ndugu yake mwenyewe, maswali alikwishayauliza mwingine, msichana mgeni kazini aliyeshika zamu ya Roza na asiyejua lolote.

"Mama yako hana tabu," yule msichana akamwambia kwa furaha. "Mwepesi kabisa. Ana mkamwana mwema hajapata kutokea. Nimemwona kwa macho yangu."

Anarkul akaketi ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wa mama yake. Chini, karibu na kiatu chake, palikuwa na kidimbwi kidogo cha maji.

"Mama. Meerim yuko Moscow."

"Najua."

"Basi umewaambia una mkamwana gani?"

Bi Kalipa akageuza uso ukutani. "Anayekuja."

"Mama, huyo si mtu!"

"Punguza sauti, watu wanalala." Akavuta pumzi, ikapiga mluzi. "Unadhani sijui? Mimi mtoto? Nimemwona nywele zake za njano, nimeona anavyotoka mtoni. Wewe ulikuja lini mara ya mwisho, mwanangu? Wakati wa kuchimba viazi. Hukumaliza hata chai, simu ikalia, ukaondoka. Yeye alikuja viazi vilipokwisha, na hajaondoka. Ananiuliza kama nasikia baridi. Nikisema ndiyo, ananifunika."

"Anakuua, mama."

"Kufa nitakufa tu, Anarkul. Kufa peke yangu ndiko sikutaki."

Anarkul alilia pale, hakujali nani anamwona. Kisha akafuta uso, akaenda kwa Daktari Ermek.

"Daktari, mama yangu ni mzito. Nyumbani kwake hakuna mtu."

"Dada Anarkul, mimi mwenyewe nimempita huyo mkamwana mlangoni. Kaniinamia. Adabu kama ile siku hizi unaiona wapi?" Akavua miwani, akasugua macho. Hakuwa mtu mbaya. "Na ningefanyaje? Mashine ya mwisho nimempa mchunga farasi mmoja asubuhi hii. Yeye kweli hana mtu."

Angemwambia nini? Kwamba mkamwana ni jini? Angeambiwa amechoka, akalale. Bi Kalipa akaruhusiwa kurudi kwake, na dawa zake kwenye mfuko, na safari njema. Anarkul akaomba likizo akafuatana naye. Safari hii siondoki, alijiapia ndani ya teksi, yule anikute nimejaa nyumba nzima, akose pa kuingilia.

Walipofika, jiko lilikuwa linawaka. Maandazi yalikuwa mezani, ya moto. Matandiko yamekunjwa vizuri ukutani, na kuanzia mlangoni mpaka jikoni kulikuwa na alama za nyayo za maji.

Anarkul alijaa nyumba kadiri alivyoweza. Alipika yeye, alifagia yeye, alilala ubavuni mwa mama. Lakini akienda kuchota maji, akirudi alimkuta mama amekwishanyweshwa chai. Akichukua ufagio, sakafu imekwishafagiwa. Na mama akazidi kukonda pumzi, akawa hawezi kumaliza sentensi, halafu hawezi kumaliza neno. Anarkul alimshika kifuani akasikia chini ya mbavu mahali patupu, kama mtungi uliobaki maji ya kukatia kiu ya ndege tu. Akampigia simu Mzee Omurzak.

Mzee alitoroka hospitali. Mpwa wake alimshusha mlangoni saa za alasiri, mgongoni kabeba kichupa chake cha hewa, mkononi kifurushi cha archa.

"Kichupa kikae nje," akasema. "Hewa hii na moto havikai pamoja. Nitakaa bila hewa kwa muda ninaoweza."

"Baba, na mama? Moshi huu kwa kifua chake…"

Mzee akamtazama kwa huruma ambayo Anarkul hakuipenda. "Moshi huu unaweza kumuua. Bila moshi, yule atamuua. La kuvunda halina ubani, mwanangu, lakini mimi nimezeeka nikijaribu. Useme wewe."

Anarkul akamwangalia mama yake. Bi Kalipa alikuwa macho, akimwangalia yeye. Hakusema ndiyo wala hapana, hakuwa na pumzi ya kusemea.

"Washa," Anarkul akasema.

Archa ikashika moto kwenye sufuria kuukuu, moshi ukapanda, mweupe, mchungu, ukatambaa chini ya meza na nyuma ya matandiko na juu ya kichwa cha mama aliyeanza kukohoa kikohozi kisicho na sauti, na katikati ya moshi ule, pale pembeni ambapo palikuwa patupu tangu asubuhi na ambapo Anarkul alikuwa amepita mara nyingi na ndoo na ufagio, akaonekana mwanamke amechuchumaa na birika mkononi, mtandio umemteleza, nywele za njano zikimdondokea mpaka sakafuni na kila unywele ukitiririka maji, na harufu ya tope la mtoni ikashindana na moshi. Mzee akainua mjeledi, akafungua kinywa kupiga ule ukelele wake wa zamani uliokuwa ukisikika ng'ambo ya bonde. Kikatoka kimluzi. Akajaribu tena, akaanguka kwa magoti, ameshika kifua.

"Piga… wewe…" akasema. "Mwambie… arudishe."

"Rudisha!" Anarkul akapiga kelele. "Rudisha pumzi ya mama yangu! Rudisha!"

Yule mwanamke akainuka. Akaweka birika chini taratibu, kwa adabu, akamwinamia Bi Kalipa mara tatu. Kisha akapitisha mkono juu ya kifua cha mama, akaingiza kitu chini ya aproni, akatoka mlangoni bila haraka.

Anarkul akageuka kumfuata, na hapo akasikia vidole vya mama vimeshika sketi yake. Vilikuwa havina nguvu hata ya kushika uzi. Macho yakisema, usiende.

"Narudi, mama. Narudi sasa hivi!"

Akajinasua, akakimbia.

Alikimbia juu ya theluji bila koti, akipiga kelele rudisha, rudisha, mpaka koo likachanika, na mbele yake mwanamke akitembea tu, hatua za mkamwana anayekwenda kuchota maji, na bado hakumfikia, na njia ya mtoni ambayo tangu utotoni ilikuwa fupi ikarefuka na kurefuka, hadi akamwona amechuchumaa kwenye lile tundu wanakijiji walilolitoboa kwenye barafu, amefunua aproni, akisuuza kitu cha rangi ya waridi kama mtu anayesuuza utumbo wa kondoo. Anarkul akajirusha. Mikono yake ikaangukia barafu tupu. Ndani ya tundu maji yalikuwa meusi, yakizunguka kidogo, kama pametupwa kitu sasa hivi.

Aliporudi mlango ulikuwa wazi na moshi umeisha. Mzee Omurzak alikuwa ameegemea kitanda, kichupa chake amekivuta karibu, mkono mmoja ameshika mkono wa Bi Kalipa. Mama uso wake ulikuwa umeelekea mlangoni.

"Hakufa haraka," mzee akasema. "Nisamehe. Alikuwa anakutafuta kwa macho."

Walimzika Bi Kalipa kwenye ardhi iliyobidi iwashiwe moto kwanza ndipo ichimbike. Wanawake wakaketi wakiwa wameelekea ukuta, wakaomboleza. Mzee Omurzak akamfuata mwezi uleule. Wageni walipoondoka Anarkul akabaki ndani ya nyumba ile, maana kurudi mjini hakuona tena sababu, na jioni, jua halijazama, Nurdin akapiga simu ya picha kutoka Moscow. Hakuwahi mazishi. Macho yamevimba.

"Dada, alikufa vibaya?"

"Alikufa nikiwa nje."

Nurdin akalia, na Anarkul akamwacha alie. Kisha akapenga kamasi, akasema, "Angalau hakuishi peke yake. Kila nikipiga simu nilikuwa nikimwona yule binti nyuma ya mama, anafagia, anamimina chai. Nikamwambia Meerim, dada yangu kamtafutia mama mtu wa kumwangalia. Ndiyo maana tukaahirisha kuja. Sijakushukuru kwa hilo."

Anarkul akaishika simu kwa mikono miwili.

"Na nimefurahi kwamba hakuondoka," Nurdin akaendelea, akisogeza uso karibu na kioo. "Nilikuwa na wasiwasi utabaki na nani. Msalimie basi, huyo nyuma yako."

Simu ikakatika, mtandao wa kule ndivyo ulivyo. Jiko lililokuwa limepoa tangu asubuhi lilikuwa linaguruma. Anarkul akabaki na simu mkononi, hakugeuka. Archa ilikuwepo bado, nusu kifurushi, juu ya kabati, na kifua chake kilikuwa kizima, na sauti alikuwa nayo. Akaufikiria usiku unaokuja, na kesho, na majira yote ya baridi yaliyobaki. Akajiuliza swali lake la kazini, lile la nani anakutunza, akalitafutia jibu kwa bidii, kwa haki, kama alivyokuwa akiwataka wagonjwa wake walitafute.

Nyuma yake maji yakatona. Harufu ya sufi iliyolowa ikamzunguka mabegani. Mikono miwili myeupe, iliyosinyaa kama ya mfuaji, ikamfikishia kikombe, chai nusu, ya moto.

"Wifi," sauti ikasema kwa upole. "Unasikia baridi?"

Anarkul akasema ndiyo, akapokea.